Kisanduku cha Malimbuko

Mke wangu alianza kujichoma insulini mwaka ule ule nilioacha kazi ya uinjilisti. Nilidhani ninarudi kihambani, shamba letu la ukoo, kupalilia migomba na kumshukuru Mungu aliyenifikisha umri ule, kumbe nilikuwa nimepangiwa kituo kingine. Kituo chenyewe kilikuwa chupa ndogo ya kioo yenye kizibo cha mpira, isiyotaka joto wala barafu.

Muuguzi wa kliniki mjini alitueleza taratibu. Chupa inayotumika huvumilia kidogo, alisema, lakini zile za akiba ziwekwe mahali pa baridi. Zikipata joto huwezi kujua kwa kutazama tu. Unajichoma ukidhani ni dawa, na imeshaacha kuwa dawa.

“Nyumbani mna friji?” aliuliza.

“Tuna mlima,” mke wangu akamjibu.

Muuguzi alicheka, ingawa mke wangu hakuwa anatania sana. Siku zile umeme ulikuwa umeishia barabarani, chini ya kanisa, nasi tuko juu, Old Moshi. Lakini nyuma ya nyumba yetu ulipita mfongo, mfereji ule wa wazee unaoleta maji kutoka msituni, na maji yake yalikuwa baridi ya kuuma meno. Mama yangu alikuwa akihifadhi maziwa humo. Nami nikazitia chupa nne za akiba katika kopo la maziwa ya unga, nikalifunga kwa nailoni na kamba ya mgomba, nikalizamisha chini ya jiwe. Nililikagua asubuhi na jioni. Wiki tano zilipita salama.

Maji ya mfongo huenda kwa zamu. Mtu hapewi kihamba huku kwetu bila kujua hilo, na mimi nilijua zamu yangu kama nilivyojua siku ya ibada. Nilichosahau ni kwamba chupa zile zilihitaji maji siku zote, za zamu yangu na za zamu ya wenzangu. Februari ile wenye mfongo walifunga maji kule juu ili wazibue banio, mdomo wa mfongo, nami nilikuwa usharika mwingine kwenye semina ya siku tatu. Nilikuta mfongo umekauka na kopo limelala juani, lina moto kama lililotolewa jikoni. Jioni maji yakarudi. Nikalirudisha kopo mahali pake, nikajiambia siku tatu si nyingi, wala sikumwambia mke wangu. Nawaandikia hili kwa sababu huo ndio uongo wa kwanza katika habari hii. Niliusema kwa kunyamaza.

Ilimchukua wiki mbili kuanguka. Alianza kunywa maji bila kutosheka, kisha akatapika, kisha akawa anahema kama mtu aliyepanda mlima akiwa amelala kitandani. Tulimbeba kwa machela hadi barabarani. Siku nne nilikaa kwenye benchi la nje ya wodi bila kuwa na sala nyingine zaidi ya jina lake. Mungu alimrudisha. Alipoweza kuongea nilimweleza habari ya kopo, yote, na yeye akageuza uso ukutani kwa muda mrefu, halafu akaniomba maji.

Aliyekuja kumtazama kila siku ni mdogo wangu, wa mwisho kwa mama yetu. Alikuwa fundi redio mtaa wa Soweto, mjini. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, redio zilimwagika sokoni za kila namna, nyingine zikifa kabla hazijazoeleka, na kibanda chake hakikukosa watu. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kuvaa miwani iliyofungwa kwa waya. Aliposikia habari ya kopo, alikaa pembeni ya kitanda, akaniuliza kwa sauti ya chini.

“Kaka, uliweka dawa mfongoni?”

“Mama aliweka maziwa.”

“Maziwa yakiharibika yananuka. Yanakuambia. Hii dawa inaharibika imenyamaza.” Akavua miwani, akaifuta kwa shati. “Inatakiwa ipige kelele.”

Mke wangu, akiwa bado na mpira wa dripu mkononi, akasema, “Shemeji, ukiifanya ipige kelele, hakikisha inamwamsha huyu.”

Alifanya hivyo. Ilimchukua miezi, akianza upya mara tatu. Kilikuwa kisanduku cha mbao cha ukubwa wa kikapu cha mayai. Ndani yake mlikuwa na bati, na kati ya bati na mbao alijaza magamba makavu ya mgomba, yale yanayobanduka shinani, yakiwa yamelowa maji. Mbao zilikuwa na matundu. Maji yalipokuwa yakikauka polepole kwa upepo, ndani palipoa. Kupoza kitu kwa maji hakukuwa kugeni kwa mtu yeyote. Ugeni ulikuwa katika nyaya mbili nyembamba za shaba alizozipitisha ndani ya yale magamba. Yakiwa yamelowa, umeme kidogo wa betri za redio ulipita. Yakianza kukauka, haukupita, na hapo kidude alichokitoa kwenye saa ya mezani kilipiga kelele kama kifaranga kilichokanyagwa, mpaka mtu aje na kikombe cha maji. Mfuniko nao ulikuwa na vyumba vya magamba vilivyokatwa kwa kipimo cha chupa, kila chupa na chumba chake, zisigongane njiani.

Muuguzi alikitazama, akasema si friji, lakini kwa akiba ya wiki chache, na baridi yetu ya huku juu, kinafaa, mradi tuandike joto lake kila siku. Mdogo wangu akaniletea kipimajoto na daftari. Asubuhi, saa saba mchana, jioni: joto la nje, joto la ndani, maji yaliyoongezwa. Mimi niliyefundisha vijana kipaimara miaka yangu yote nikawa mwanafunzi wa mdogo wangu. Nilipenda kazi ile. Niliandika na mambo mengine humo, mvua, wageni, afya ya mke wangu, kwa maana sijui kuandika namba bila kuandika siku.

Kisanduku cha mke wangu kilikuwa cha majaribio, kimejaa viraka. Kile alichokitengeneza baadaye, chenye kona zilizokaa sawa na mfuniko wenye bawaba, ndicho alichokiita cha kwanza. Na sikukuu ya mavuno ilikuwa imekaribia.

Kwetu, cha kwanza hakiliwi nyumbani. Mkungu wa kwanza wa shamba jipya, yai la kwanza la kuku, debe la kwanza la kahawa, vinakwenda madhabahuni. Nilimwambia mdogo wangu alete kisanduku.

“Bado hakijawa tayari, kaka.”

“Kinalia?”

“Kinalia.”

“Kinapoza?”

“Kinapoza. Lakini nataka kukitazamatazama kwanza. Sijui kwa nini.”

“Cha kwanza ni cha Mungu,” nikamwambia. “Hakisubiri.”

Alinipa. Nilikipeleka mwenyewe, nimekibeba kifuani, nikakiweka mbele ya madhabahu kati ya mikungu ya ndizi na jogoo aliyefungwa miguu. Mahubiri yalikuwa marefu siku hiyo, kanisa limejaa, joto la watu limepanda. Katikati ya fungu la pili kisanduku kikaanza kupiga kelele. Jogoo akaitikia. Mchungaji akanyamaza, akatazama madhabahu, akatazama watu.

“Hicho kinalia nini?”

Mdogo wangu akasimama nyuma kabisa, amechanganyikiwa. “Kina kiu, mchungaji.”

Sijawahi kusikia kanisa letu likicheka vile. Mchungaji mwenyewe alimimina glasi yake ya maji ndani ya tundu alilooneshwa, na kile kidude kikanyamaza mara moja, watu wakapiga makofi. Akamwita mdogo wangu mbele. Akamwambia awaeleze wote Bwana amempa akili gani. Na yule mtu wa maneno machache, asiyekuja kanisani ila kwa ubatizo na mazishi, alikifungua kisanduku kile, akawainulia watu magamba, akawaonesha nyaya, akawaeleza kwa nini mbili na si moja, na umbali kati yao, na kwa nini shaba. Alieleza vizuri mno. Mke wangu alilia. Nilirudi nyumbani nikaandika daftarini kila kitu, nikamaliza kwa kumshukuru Mungu.

Baada ya ibada mali zote zilipigwa mnada uwanjani kama kawaida. Kisanduku kilinunuliwa na mtu wa kijiji chetu aliyekuwa na kiwanda kidogo cha vyombo vya plastiki Arusha, ambaye alikuwa amekuja kuwaona wazazi. Alipandisha mpaka wengine wakaacha. Kisha akamfuata mdogo wangu chini ya ukuta wa kanisa, akakigeuza kisanduku huku na huku.

“Fundi, hiki kina hataza?”

Mdogo wangu hakuwa amelisikia neno hilo. Bwana wa plastiki akamfafanulia. Ni karatasi ya serikali inayosema jambo hili limebuniwa na fulani, na mtu mwingine asilitengeneze bila ruhusa yake. “Kaichukue,” alisema. “Ukiwa nayo, mimi nitatengeneza sanduku kwa plastiki, wewe utatengeneza hiyo kengele, tutafanya kazi pamoja. Bila hiyo sina sababu ya kukusubiri. Nakuambia wazi kwa kuwa wewe ni wa nyumbani.”

Mwaka ukapita, na zaidi, mdogo wangu akichora, akifuta, akiomba watu wa mashine ya chapa wamwandikie maelezo. Hakujua kwamba katika jambo hili siku zinahesabiwa. Mimi pia sikujua. Bwana wa plastiki alituma salamu mara mbili. Salamu ya tatu ilisema mwisho wa mwezi ataanza, kwa karatasi au bila karatasi.

Ndipo tulipokwenda kwa wakili mjini. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Alikuwa mwanamume wa makamo, Mkatoliki kutoka upande wa pili wa mlima, mwenye adabu. Alinipa shikamoo, akatuletea viti, akayasoma maelezo ya mdogo wangu kwa kutikisa kichwa cha kuridhika. Alifurahi zaidi kuona daftari. Mwaka na miezi kadhaa ya vipimo, kila siku, kwa mwandiko wa mtu mmoja, alisema, ni ushahidi ambao wasomi wengi hawana. Akalifungua, akawa anasoma ukurasa mmoja mmoja. Mdogo wangu alikuwa amekaa ncha ya kiti, mikono katikati ya magoti.

Wakili akafika mahali, akarudia kusoma, akaweka kalamu chini.

“Mzee, hii Jumapili ya mavuno. Hapa umeandika kwamba aliwaeleza watu wote. Aliwaeleza nini?”

“Namna kinavyofanya kazi.”

“Pamoja na nyaya?”

“Pamoja na nyaya.”

Akatueleza kwamba kitu kinachoombewa hataza lazima kiwe kipya siku ya kuomba. Kikishaelezwa mbele ya watu, hakihesabiwi kipya tena, hata kama aliyekieleza ni mwenye nacho. Ingekuwa ni jambo la juzijuzi angejaribu kutetea. Hili lilikuwa limekaa mno.

“Ilikuwa kanisani tu, wakili,” mdogo wangu akasema. “Si maonesho ya biashara.”

“Walikuwepo wangapi?”

“Kanisa lilijaa,” nikasema mimi.

Mdogo wangu aligeuka akanitazama kama ninavyotazamwa na mbwa wa jirani.

Wakili alilifunga daftari, akalisukuma kwangu juu ya meza kwa vidole viwili. “Ijumaa nakwenda Dar es Salaam na mafaili. Mimi leo sijasoma daftari. Nimeona jalada tu. Alhamisi mtaniletea, na litakaloletwa ndilo nitakalolipeleka.”

Tulishuka ngazi. Chini, kati ya majora ya vitenge yaliyoning’inizwa mlangoni, mdogo wangu akanishika kiwiko.

“Nunua daftari jipya, kaka. Unaandika vizuri. Nakili yote, uruke Jumapili moja.”

“Na watu waliokuwepo?”

“Nani atatoka Dar kuja kuwauliza watu wa Old Moshi walisikia nini kanisani?”

Niliingiza daftari mkobani.

“Nilikuambia hakijawa tayari,” akasema. Hakupaza sauti. “Ulisema cha kwanza ni cha Mungu, nikakupa. Sikubishana nawe. Sasa nami nipe hiyo Jumapili moja.”

Nilinunua daftari.

Siku mbili nilikaa mezani, mchana kutwa, nikinakili. Kila nilipoinua kichwa nilikiona kisanduku kwenye kona yake, kimelowa, kimenyamaza, na ndani yake chupa tatu za mke wangu kila moja katika chumba chake. Nilijua deni langu kwa mdogo wangu, na halikuwa la fedha. Kama si yeye, mwanamke aliyekuwa akimenya ndizi za mtori mlangoni angekuwa amezikwa chini ya migomba. Na mimi ndimi niliyemwondolea alichokuwa nacho, kwa haraka yangu ya kutoa kilichokuwa cha mwingine.

Nilitegemea mke wangu angenizuia. Angesema neno, nami ningelishika. Alikuja akasimama nyuma yangu, akaona ninachofanya, kwa maana nilikuwa nimemweleza.

“Umefika wapi?”

“Wiki ya kabla.”

“Mpe,” akasema. “Mungu alikuwepo Jumapili ile. Hahitaji daftari.” Akarudi kwenye ndizi zake.

Nikairuka. Jumamosi, halafu Jumatatu. Nilishangaa jinsi namba zilivyokaa vizuri, kana kwamba hakuna iliyopotea kati yao. Nikaendelea hadi mwisho. Jioni ya Jumatano mdogo wangu akaja, akalipekua, akatikisa kichwa.

“Ni safi mno. Limefanana lote.” Akatoa mfukoni kalamu tatu, ya bluu, nyeusi na nyingine ya bluu iliyofifia. “Pitia baadhi ya mistari. Na tutalimwagia chai kidogo.”

Nilipitia. Aliyelimwagia chai ni yeye, kwa uangalifu uleule aliotumia kuyeyushia risasi kwenye waya wa redio, tone moja kwenye kona, tone jingine kwenye ukurasa wa Aprili. Tukalianika juu ya mfuniko wa sufuria. Mke wangu akatukaribisha chakula, naye mdogo wangu alikula vizuri, akamtania shemeji yake kwamba akipata karatasi yake atampelekea kisanduku chenye kuimba mapambio. Muda mrefu sikuwa nimemwona akiwa na furaha. Mimi nilikuwa nikitafuna bila kusikia ladha.

Alhamisi wakili alilipokea daftari, akalipitia haraka, safari hii bila kusimama popote. Akafungua ukurasa wa mwisho, akaandika mistari miwili kwa mkono wake, akaligeuza kunielekea.

“Hapa, mzee. Unathibitisha kwamba hii ni kumbukumbu ya kweli, uliyoiandika wewe mwenyewe siku kwa siku. Jina na sahihi.”

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimejipanga kukabidhi. Siku zile zote nilijiambia kwamba kuacha kuandika si kusema uongo, kama nilivyojiambia juu ya kopo lililokaa juani. Nilishika kalamu. Miaka niliyofundisha kipaimara, amri ya nane, ile ya kutoshuhudia uongo, ndiyo niliyoifundisha kwa urahisi kuliko zote, kwa sababu watoto huielewa upesi. Mwanasesere yeyote, nilikuwa nikiwaambia, anaweza kunyamaza; mtu ndiye anayetakiwa kusema kweli.

Mdogo wangu alikuwa amesimama dirishani. Akasema bila kugeuka, “Kaka, ni jina lako tu.”

Nikaweka kalamu mezani. “Siwezi.”

Nje mtu alikuwa akinadi mchicha. Mdogo wangu akaja mpaka mezani, akasimama karibu nami, nikafikiri atanipiga, na ningepokea.

“Uliweza kuandika yote,” akasema. “Uliweza kupitia kwa kalamu tatu.”

“Niliweza.”

“Kwa hiyo unachoogopa ni sahihi. Huogopi uongo, unaogopa jina lako kuwa juu yake.”

Mpaka leo sijui kama hakusema kweli. Nilimwambia anisamehe. Nikatoa daftari la zamani mkobani, kwa kuwa nilikuwa nalo, nikaliweka mbele ya wakili, nikamwambia hili nitalisaini. Wakili akasema kwa hilo hana safari. Mdogo wangu akachukua michoro yake, akaikunja, akatoka. Nilisikia hatua zake kwenye ngazi hadi ya mwisho.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko siku ile. Kila Jumamosi alipanda kutoka Soweto kubadilisha betri na kukagua nyaya, maana dawa ya shemeji yake haikuhusika na ugomvi wetu. Aliingia, akasema “Shikamoo shemeji,” akaulizwa habari za kazi, akajibu, akafanya kazi yake akiwa amenipa mgongo, akaondoka. Chai aliinywa jikoni. Mimi nilikaa kwenye kiti changu katika nyumba yangu kama mtu anayesubiri kuitwa. Mwanzoni nilimsalimu. Baadaye niliacha, nikaona namlazimisha kunikosea adabu mbele ya mke wangu.

Kanisani nilikaa benchi la wazee, na ilipofika Meza ya Bwana niliwapisha wengine wapite. Sikuweza kwenda pale nikiwa na ndugu asiyeongea nami. Watu waliona. Mzee mwenzangu, yule aliyenadi siku ya mavuno, aliniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia ninasubiri. Nilijifunza kusubiri katika miezi ile kuliko katika maisha yangu yote, na nilikuwa nikidhani ni jambo ninalolijua.

Mwisho wa mwezi aliousema bwana wa plastiki ulipita, na mingine ikaufuata. Hatukusikia lolote kutoka Arusha. Mdogo wangu hakuuliza, lakini mke wangu aliniambia kwamba kila akipita kwenye maduka ya dawa mjini hutazama rafu, kuona kama kisanduku cha plastiki kimefika.

Siku moja nilikutana na wakili sokoni, akiwa na mkungu wa ndizi begani kama mtu yeyote. Akanipa shikamoo, akanivuta kando kwenye maduka ya nafaka.

“Yule bwana wenu wa plastiki alikuja kwangu,” akasema. “Alitaka nimwombee hataza ya kisanduku. Kwa jina lake.”

“Kwa jina lake?” nikauliza.

“Nilimwambia haiwezekani, nikamweleza sababu. Kitu hicho kilishaelezwa mbele ya usharika mzima, yeye akiwa mmojawapo, na yupo mzee aliyeandika siku hiyo hiyo. Aliniuliza ni mzee gani. Nikamwambia ni yule aliyekataa kumsainia mdogo wake. Alifikiri kidogo, akasema basi.” Akahamisha mkungu bega la pili. “Lingekuwa limesainiwa lile jipya, mzee, nisingeweza kumwambia kwamba kilishaelezwa. Na mimi ningekuwa nimelipeleka.”

Alisema hivyo akitazama magunia ya mahindi. Kisha akaaga.

Nilikwenda moja kwa moja Soweto. Sikuwa nimefika kibandani kwake tangu siku ile. Alikuwa ameinamia redio iliyofunguliwa, moshi wa risasi ukimpita usoni. Juu ya rafu niliona visanduku viwili vya mbao ambavyo havijafungwa, na sikujua habari zake. Nilisimama mlangoni, nikamweleza alichosema wakili, neno kwa neno, bila kuongeza. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

“Kwa hiyo si changu,” akasema.

“Si chako.”

“Na si chake.”

“Wala si chake.”

“Sasa ni cha nani?”

Nilifungua mdomo. Akainua mkono wenye kile chuma cha moto.

“Usihubiri.”

Nikafunga mdomo. Akaendelea na waya wake kwa muda, midomo yake ikichezacheza, na sikujua kama ni hasira au kitu kingine. Halafu akasema bwana wa plastiki alimwandikia barua juzi, anataka wakutane kuhusu ile kengele, kwa kuwa mafundi wake wameijaribu na inalia hovyo.

“Utakwenda?”

“Asubiri kwanza.” Akasukuma kigoda kwa mguu. “Kaa. Nishikie huu waya, kaka, usitikisike.”

Niliushika. Alinikaripia mara mbili kwamba nautikisa.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwenye Meza ya Bwana. Yeye hakuja kanisani. Alikuwa na vile visanduku viwili vya kumaliza, kimoja cha mama wa Kibosho ambaye alishaanza kujichoma insulini, na mgonjwa wa namna hiyo hawezi kungoja ibada iishe.